Pingamizi la Bi Enid Tuckwell

Meya alivaa miwani, akakohoa, akaanza kusoma: "Mimi, Enid Tuckwell, mjane, mkazi wa hapa tangu kabla ya lami, ninapinga jengo la kuswalia kwa sababu ya nyoka."

Ukumbi ulijaa. Watu zaidi ya mia, wengine wamesimama ukutani na kofia mkononi, walimsikiliza mjane huyo akieleza, kwa kinywa cha meya, kwamba Waislamu huvua viatu mlangoni. Kwamba viatu sitini vyenye joto, vikiachwa kibarazani wakati wa kiangazi, ni hoteli ya nyoka wa kahawia. Na kwamba nyoka akishazoea kulala ndani ya kiatu, hachagui tena dini ya mwenye mguu.

"Ana hoja huyo mama," mtu mmoja alisema nyuma yangu.

"Enid namjua," mwenzake akajibu. "Mumewe alikuwa na lile trekta la kijani."

Nikainamisha kichwa. Baba, aliyeketi kando yangu ndani ya suti anayovaa kwenye harusi za watu, alidhani naomba dua, akanishika bega. Kwa heshima zote, nilikuwa natafuta shimo la kuingia. Enid Tuckwell hakuwahi kuwa na mume, wala trekta, wala pumzi. Nilimzaa mwenyewe, nikiwa na miaka kumi na mitano, bwenini, wakati wa prepo, katikati ya hesabu na historia.

Shule yangu ilikuwa ya Waanglikana, saa tatu kwa basi kutoka nyumbani. Walinipa nafasi ya bure, wakanifundisha Kilatini, adabu za mezani, na, bila kukusudia, namna ya kuweka kamba wa mtoni aliye hai kwenye soksi ya kiranja. Nikiwa huko nikiendeleza elimu hiyo, baba na wenzake wa machinjioni, Wahazara wa kabila letu, wahamiaji kama yeye, waliomba kibali cha kugeuza ukumbi wa zamani wa skauti uwe mahali pa kuswalia. Walikuwa wakiswali kwa zamu kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kati ya mabuti ya mpira. Mwaka uliotangulia, Kaka Nauruz alifariki, tukambeba mwendo wa saa tano hadi jiji kubwa ili aoshwe na watu wanaojua kuosha. Baba aliporudi alisema ameshasafiri vya kutosha maishani. Akiwa maiti angependa kupumzika.

Halmashauri ilibandika barua za wapinzani mtandaoni. Nilizisoma na rafiki yangu Lachlan, tukicheka mpaka matroni akagonga ukuta. Walilalamikia maegesho ya magari. Walilalamikia sauti za mnara, wakati hakuna aliyeomba mnara. Barua nne zilianza kwa maneno yaleyale: sina chuki na mtu, lakini.

"Andika na wewe, Ezza," Lachlan alisema. Jina langu ni Ehsan, ila nchini mwetu jina lisilofupishwa linaonekana kama kujidai. "Andika upuuzi kupita wote, waone aibu."

Ndivyo nilivyofikiri: watu wakimcheka Enid, watawacheka na wale wengine. Nisichokijua, pamoja na Kilatini changu chote, ni kanuni ya mji wetu. Mapingamizi yakiwa chini ya kumi, afisa wa mipango hutoa kibali mwenyewe, ofisini, akinywa chai. Yakifika kumi, shauri huenda mbele ya madiwani, hadharani. Ya watu wa kweli yalikuwa tisa.

Kwa hiyo nilikuwa nimeketi katika mkutano nilioitisha mwenyewe. Ningeweza kusimama nikaungama. Nilifika nusu ya kusimama. Kisha nikaona gazeti la kesho: Waislamu Waghushi Barua. Nikakaa. Mpaka leo sijui kama ilikuwa busara au woga, na niliyekuwa naye karibu wa kumuuliza alikuwa ameshika bega langu.

Madiwani walijadiliana.

"Tatizo watu hawa hawajichanganyi," alisema mmoja.

"Wajichanganye vipi tena, Barry? Nusu ya timu yetu ya soka ni wao."

"Baa hawaji."

"Na mke wako haji baa. Tumfukuze?"

Watu wakacheka, wakanuna, wakacheka tena. Kila hoja iliposhikwa ilipotea mkononi, mpaka mtu akamrudia nyoka, na hapo wote wakapata nguvu, kwa sababu nyoka walimjua. Dereva mmoja alionyesha kovu. Saa nzima ikapita. Mwishowe, kwa kura nne dhidi ya tatu, kibali kikatolewa kwa sharti moja: viatu vyote viwekwe ndani, kwenye rafu, nusu mita kutoka sakafuni.

Nje, baba alikuwa akifuta macho.

"Umemsikia yule khala?" Kwetu khala ni dada wa mama, na mwanamke yeyote anayestahili heshima hiyo. "Tisa wamejihofia wenyewe. Yeye peke yake amehofia miguu yetu."

"Labda alikuwa anatania, baba."

"Mwanangu, mjane hatanii kuhusu nyoka. Mtafute. Nataka siku ya ufunguzi akae mbele."

Nilizunguka siku sita na kadi ya mwaliko yenye jina la Enid. Siku ya saba nikagonga kwa Bi Thelma Ruddock, anayeishi mkabala na ukumbi wa skauti. Barua yake ilikuwa ya tatu: sina chuki na mtu, lakini nataka mtaa wangu ubaki mtaa wangu. Kwa nini yeye, sijui. Alikuwa mjane, na alikuwepo.

Aliisoma kadi bila kufungua mlango wa wavu.

"Mimi siyo Enid."

"Najua, Bi Ruddock."

"Nina miaka sabini na moja hapa. Hakuna Enid Tuckwell." Akanitazama muda mrefu. Nikatazama kucha zangu. "Mshenzi mdogo wewe," akasema taratibu. "Nenda kwenu."

Lakini kadi hakuirudisha.

Siku ya ufunguzi alikuja na keki ya matunda ndani ya kopo. Baba alimwona mama wa Kizungu amesimama peke yake mlangoni, akamkimbilia.

"Khala Enid!"

Nikafungua mdomo. Bi Ruddock akanitazama, nikaufunga. Hakusema ndiye, hakusema siye. Akampa baba keki.

Baba alimkalisha mbele, akamletea kwa mikono yake miwili sahani ya mantu, vifurushi vya unga na nyama vilivyopikwa kwa mvuke. Alikula yote. Aliwatazama watoto wakikimbizana, wanawake wakitandika mabusati, wazee wakilumbana juu ya mahali pa kutundika saa. Kisha akafuta mdomo, akasema kwa sauti ya kusikika:

"Ujue, mimi sijabadili mawazo."

"Usibadili, khala!" Baba aliweka mkono kifuani. "Tafadhali, usibadili kabisa!"

Akamwongezea mantu, kisha akanigeukia, uso umemeta, akaniuliza kwa lugha yetu: "Nimemjibu vizuri?"

Bi Ruddock naye alinitazama, uma mkononi, akisubiri.

"Vizuri sana, baba," nikasema, nikaenda kumtafutia chai.