Kamba za Miiba

Mariette na kaka yake mkubwa Kambere, ambaye alimwita yaya, walitoka Mulekera asubuhi kwenda msituni kukata kamba za kusukia viti. Kamba hizo huanzia chini, gizani, kichaka cha majani tu, zikakaa hivyo miaka. Siku mti mkubwa ukianguka na jua likashuka, ndipo zinainuka. Ncha za majani zina miiba iliyopinda kama ndoana. Zinashika tawi la jirani, zinapanda, mpaka zinatokea juu ya miti yote.

Kambere alikuwa akivuta kamba moja iliyogoma aliposikia matawi yakivunjika. Waasi wenye mapanga walikuwa wakitokea kichakani.

"Kimbia!" alimwambia dada yake.

Panga la kwanza lilimpata Kambere shingoni. La pili Mariette hakuliona, alilisikia.

Alijitupa kifudifudi chini ya kichaka, akatambaa polepole, maana mwenye haraka ndiye miiba inamshika. Mmoja wa wauaji akamfuata mbio, kichwa mbele. Miiba ikamdaka shavuni. Akajivuta kwa hasira, shavu likachanika mpaka sikioni. Akapiga mateke, na kila teke likaleta kamba nyingine, shingoni, mikononi. Panga likamtoka.

Upande wa barabara risasi za wanajeshi zikalia. Wenzake wakamwita mara moja tu, wakatoroka.

"Mama, saidia mimi," alilia. "Kata hii kamba."

Mariette alikuwa na kisu chake cha kazi. Akamsogelea.

"Yaya yangu alikukosea nini?"

"Bakubwa ndio banatutuma. Mimi hapana kumukata."

Mkono wa shati lake ulikuwa umelowa damu mpaka kwenye kiwiko. Mariette akamchoma chini ya mbavu, akamchoma tena, mpaka kilio kikakatika. Kisha akarudi alikolala Kambere.

Wanajeshi walipofika, mmoja alitazama maiti ile inayoning'inia, akasema, "Bravo, mama."

"Usiniambie vile. Mubebe kwanza yaya."

Jioni, nyumbani, mama yao Berthe alimvua blauzi, akaanza kumtoa miiba mgongoni. Watu walikuwa wakiimba nyimbo za msiba uani.

"Ule mutu wa kwenye kamba," mama aliuliza, "alikuwa mukubwa?"

"Miaka yake sawa na ya Kambere, mama."

Vidole vya Berthe vilisimama. Akamfunika binti yake kitenge mabegani, wakatoka pamoja kwenda kukaa karibu na mwili wa Kambere.