Hapana ya Kwanza

Randall Mulqueen alipoteremka kwenye basi hapa kijijini kwetu Kilcorran alipiga magoti akaibusu lami. Lami yenyewe imemwagwa mwaka juzi, na ng'ombe wa jirani yangu Attracta walikuwa wamepita hapo asubuhi ileile. Tukapiga makofi. Ungefanyaje? Kila Juni Wamarekani wanakuja, basi zima, makoti ya mvua ya kijani, wanatafuta babu zao waliohama hapa zamani wakati wa njaa, na sisi tunawapa babu. Ukuta ulioanguka nyuma ya zizi langu umeshazaa koo nne za Boston na moja ya Chicago, na wote wamelia pale machozi ya kweli.

Msinielewe vibaya, nawapenda. Mwanangu yuko kwao.

Colman ni fundi wa mapaa huko Boston. Alikwenda kwa likizo ya miezi mitatu, na likizo hiyo sasa ina miaka kumi na nne. Karatasi za ukaazi hana. Akitoka hawamrudishi ndani, na mke na binti wako huko. Siku tulipomzika baba yake, Colman alitazama kwa simu, Attracta kaishikilia juu ya kaburi na mvua inapiga kioo. "Mama, sioni kitu." Mazishi yote ya baba yake hilo ndilo neno alilosema. Mimi nina miaka sabini na sita na moyo wangu unaendeshwa na betri. Nataka mwanangu aingie kwa mlango huu nimshike kwa mikono yangu. Sitaki kingine duniani.

Basi, kamati ya urafiki ikagawa wageni majumbani kwa chai, mimi nikaangukiwa na Randall. Ana kampuni ya ujenzi, ana meno mengi, na aliniita binamu kabla hajakaa.

"Binamu Dympna, sisi ni damu moja! Bahari haikututenganisha!"

"Kabisa, bwana. Utakunywa chai?"

"Ndiyo, tafadhali!"

Jamani! Mara ya kwanza tu! Hata haya hakuona. Kwetu chai inakataliwa. Ukikaribishwa unasema hapana, nimetoka kunywa sasa hivi. Ukikaribishwa tena unasema usijisumbue. Mara ya tatu unasema haya, nusu kikombe, kisha unakunywa birika zima. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Na mwenyeji asiyekukaribisha mara ya tatu ni mchoyo, atasemwa mpaka Krismasi.

Attracta akaingia, eti kaja kuazima sukari, kumbe kaja kumwona Mmarekani. Kwenye sahani kilikuwa kimebaki kipande kimoja cha keki ya zabibu. Randall akamsogezea. "Karibu, mama."

"Aa, hapana, nimeshiba," akasema Attracta, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani tangu asubuhi.

"Sawa," akasema Randall, akaila. Attracta aliifuata ile keki kwa macho mpaka chembe ya mwisho. Nilicheka moyoni, mjinga mimi, sikujua kwamba zamu yangu inakuja.

Randall akaiona picha ya Colman ukutani. Akauliza, nikamwambia yote, mpaka mvua ya makaburini. Akatoa leso. Alilia, siwezi kumnyima haki yake.

"Hapana, hii ni aibu! Mama asimwone mwanawe? Binamu, nina rafiki, tumesoma naye, ni mkubwa kwenye uhamiaji. Leo hii nitamwandikia barua. Unataka nimwandikie?"

Miaka kumi na nne nimesali novena kwa ajili ya maneno hayo. Yakaja yenyewe jikoni kwangu. Nami nikafungua mdomo nikasema:

"Aa, hapana, bwana. Usijisumbue."

Nikangoja. Attracta akanikanyaga mguu chini ya meza. Nikaendelea kungoja, nimeshaandaa uso wangu wa mara ya pili.

"Sawa," akasema Randall, akanipapasa mkono. "Nauheshimu uamuzi wako." Kisha akaniuliza kondoo wangu wako wangapi.

Heshima! Nani kamwomba heshima?

Alipotoka, Attracta alinigeukia. "Dympna, una wazimu?"

"Nilikuwa nangoja aniulize tena!"

"Huyo haulizi tena, mwanamke! Si umemwona na keki yangu?"

Kesho yake basi lilikuwa linaondoka saa tatu asubuhi. Nilifika kwa ndara, koti juu ya nguo ya kulalia. Kijiji kizima kimejipanga, mwenyekiti wa kamati anahutubia juu ya urafiki wa mataifa mawili ambao si njaa wala bahari iliyouweza. Nikamkatiza.

"Randall! Nataka! Ile barua, nataka uiandike!"

Hata mbwa wa mwenye baa alinitazama. Kuomba kitu kwa kinywa chako mwenyewe, mara moja, hadharani! Mama yangu alikufa hajawahi kufanya hivyo, na aliwahi kulala njaa. Masikio yaliniwaka kwa aibu, lakini nikasimama palepale.

Randall akanikumbatia mpaka nikaihofia betri. "Binamu! Asilimia mia! Niachie mimi!" Basi zima likapiga makofi. Akanibandika kifuani beji yenye bendera mbili, akapanda, wakaenda zao.

Nilirudi nyumbani karibu nikikimbia, nikampigia Colman. Nikamweleza yote, hata ndara. Nyuma yake nilisikia watu wakigonga misumari.

"Mama, alisema asilimia mia?"

"Hivyohivyo, na watu wote wamesikia!"

"Aliandika jina langu mahali? Alichukua namba ya simu?"

"Alikuwa anapanda basi, Colman."

"Mama yangu. Mtu wa huku akikwambia asilimia mia, niachie mimi, basi ujue ndiyo kwaheri hiyo."

"Acha upuuzi! Wakitaka kukataa wanasemaje?"

"Hawakatai, Mama. Kukataa ni kukosa adabu."

Hapo hasira zikanipanda. Kumbe sisi tunakataa tunachokitaka, wao wanakubali wasichokitaka, halafu kila Juni tunakumbatiana na kusema huu ndio urafiki! Nikamwambia hivyo, akacheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaaibika mbele ya kijiji kizima, nikaona hakuna cha kuficha tena.

"Colman, baba, nakuuliza mara moja tu, na unijibu. Utakuja nyumbani kabla sijafa?"

"Nitakuja, Mama," akanijibu upesi, kwa sauti ya furaha. "Asilimia mia."