Vimpira vya Jikoni

Majirani walimbandika jina la Bibi Harusi siku alipoingia nyumbani kwa mama mkwe, na halijabanduka bado. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: akiona vitu vimekaa shaghalabaghala, mikono inamwasha. Na mama mkwe wake, mama asiyeona, alikuwa na jiko lisilofaa kuguswa na mtu. Nani angemwambia? Mume, dereva wa lori, alikuwa safarini, na mama mwenyewe mchana ule wa Jumapili alikuwa amelala fofofo.

Basi akaingia. Akakuta makopo matatu ya maziwa ya unga, yote sura moja, moja huku, jingine kule, la tatu chini ya sinki, yamevishwa vimpira vya kufungia mifuko. Huyu ni msusi, jamani. Msusi akiona kimpira haoni takataka, anaona kazi. Akavivua vyote, akavitia mfukoni, akayasugua makopo mpaka yakang'aa, akayapanga kwenye rafu moja. Kisha akaonja mawili, lile la chini ya sinki alijua ni la nini, akabandika karatasi kwa mwandiko wake mzuri: SUKARI. CHUMVI. DAWA YA SINKI. Akarudi nyuma kidogo akajitazamia kazi yake, kichwa kimevimba. Mkwe gani mwingine angefanya haya bila kutumwa?

Jioni akapika yeye mwenyewe, na asubuhi akawahi saluni kabla mama hajaamka. Alikuwa anamfungia mteja mwisho wa msuko mume alipopiga simu, akaibana kwa bega.

"Mama hajambo? Mnaelewana?"

"Sana tu. Hata jiko nimempangia. Yale makopo yenye vimpira yalikuwa yananikera macho."

"Vimpira umeviacha?"

"Niviache vya nini? Nimevitoa."

Mume akaanza kumhesabia.

"Kimoja ni sukari," akasema taratibu. "Viwili chumvi. Vitatu ile dawa ya kuzibulia sinki. Sasa atajuaje?"

"Usiwe na wasiwasi. Nimeandika kwa herufi kubwa."

Maneno hayo yalipomtoka ndipo yeye mwenyewe akayasikia. Mungu wangu! Herufi kubwa! Msuko ukamponyoka mkononi. Dawa ile ni chembe nyeupe, haina harufu, ukiichota utasema sukari, na inayeyusha mafuta yaliyogandia bombani, sembuse koo la mtu. Na saa hizi ndipo mama hunywa chai yake.

Akatimua mbio. Mteja akabaki kwenye kiti, nusu kasukwa nusu hajasukwa, anauliza kuna nini. Njiani akampigia mama. Simu yake ile inayomsomea majina ya wanaopiga ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Haikupokewa. Kiatu kimoja kikamvuka akakiacha. Alikuwa analia kwa sauti, na watu wakampisha njia.

Mlango ulikuwa wazi. Mama alikuwa ameketi sakafuni jikoni, amejiegemeza ukutani, makopo matatu mbele yake. Kando yake kikombe kitupu.

"Mama! Umekunywa nini?" Akamdaka mikono, akampapasa midomo. "Sema, mama, umetia nini humo?"

"Chai. Sikutia kitu." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ningetia nini? Nimegusa hili, halina kimpira. Nimegusa lile, halina kitu. Nikakaa chini."

"Na simu, mama?"

"Nimeisikia inakutaja. Nilikuwa bado sijajua nikujibu vipi. Nilikuwa najiuliza, huyu mtoto hajui, au hanitaki?"

Katika yote Bibi Harusi aliyokuwa ameyaogopa njiani, hilo hakulifikiria. Akaketi palepale sakafuni.

Mama akanyoosha mkono, akapapasa karatasi iliyobandikwa kwenye kopo. "Na hii?"

"Jina, mama. Niliandika majina."

"Ulimwandikia nani?"

Bibi Harusi aliinamisha kichwa, machozi yakimdondoka.

"Tangu macho yalipozimika nimepika humu," mama akasema. "Nimewapikia watoto, nimepika mpaka shughuli za mtaa mzima. Humu ndani sijawahi kuwa kipofu. Leo ndiyo mara ya kwanza."

Mkono wake ukapanda kumfuta machozi, ukafika kwenye nywele, ukasimama. Vidole vikatambua kitu mwishoni mwa msuko, vikakizungusha.

"Kumbe umekivaa."

"Nisamehe, mama. Vingine viko kichwani kwa mteja."

Mama hakucheka. Alikivuta kile kimpira polepole, msuko ukafumuka, akakishika mkononi kana kwamba anakipima.

"Nionyeshe kopo la sukari ni lipi," akasema. "Hiki nilivishe mwenyewe. Halafu nenda kavilete vingine."