Mshipa Gani

...si huo, huo ni wa damu, anasema Yves mwuguzi, na vidole vyake vina baridi, vinanipapasa pumbu kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, nami nimelala chali natazama kutu ya bati, sindano imeshatia ganzi, siumii, nasikia kuvutwa tu, "Niko natafuta ule mudogo, Papa Noël, njo unapitisha mbegu," Papa Noël, kwa sababu kifungua mimba wangu ni Noël, basi kijiji kizima cha Kingi kinanitania, Papa Noël, yule mzee wa Krismasi, kila mwaka analeta zawadi, zawadi saba, na ya saba nusura imuue Mukamurenzi wangu, damu mpaka machela ikalowa, daktari akaniambia wa munane mutamuzika na mama yake... ah, huo, umeteleza, mwembamba, mgumu kidogo, naujua, mikono yangu inaujua, ng'ombe wangapi nimewahasi mimi Nzabandora, Kingi mpaka Ngungu, unabana koleo, unaponda kamba nzima, ya damu na ya mbegu pamoja, fahali anaguna, mwezi ukiisha ni maksai, mpole, mnene, jike akipita hamtazami... maksai, labda nimelisema kwa sauti, maana Yves anacheka, "Hii haiko sawa na ya ngombe, Papa, damu naiacha, nguvu inabaki, nakata tu njia," njia tu, mbegu zije zikute barabara imekatika, kama ile ya Ngungu wakati wa mvua, nacheka na mimi, "Usicheke, utateleza tena!"... nilikuwa naogopa hilo jina tu, maksai, ndiyo maana nikawaambia watu nakwenda kupasuliwa mshipa, wakaelewa ngiri, wakanipa pole, na sikudanganya, mshipa ni mshipa, hata Mukamurenzi nilimwambia hivyohivyo, yuko nje kwenye benchi na chupa ya uji, "Na miezi tatu mutumie kapoti, mbegu za zamani zinabakiaka mu njia," miezi mitatu, nitamwambia nini, kondomu ni dawa ya ngiri tangu lini, na yeye tangu damu ile analala na kitenge kimefungwa mafundo mawili, uso ukutani, nikigeuka tu anabana pumzi, yeye aliyekuwa akinichekea, ananiogopa, mimi, naumia, sijapata kumwambia mtu lakini naumia, na nikishika ngiri yangu ya uongo mshipa utakatwa, hofu yake itabaki nzima, watu wa Kingi sawa, wapate pole yao, lakini yeye... nimelinda jina langu kuliko usingizi wake, mjinga mimi... "Njo huu, nimeushika. Nikate?" vidole vimetulia, baridi ileile, kutu ileile, na nje ya mlango mtu anakohoa, kikohozi chake nakijua, "Ngoja kidogo, kaka. Usiuachilie. Ita kwanza Mama Noël aingie, nimuambie ni mushipa gani."