Daftari Safi la Ghati

Waliohudhuria: Mzee Burito, mwenye nyumba. Adventina, mke wake. Mugeta, mdogo wa Burito, mkuu wa shule ya sekondari ya binafsi huko Bunda. Dafroza, dada yao, mwuza dagaa wa soko la Mwigobero. Ghati, binti wa nyumba. Na mimi, Prosper, mwalimu wa fizikia kutoka Buhare, katibu. Hakuna aliyetoa udhuru.

Kikao kilifunguliwa kwa sala saa nne asubuhi, sebuleni kwa Mzee Burito, Butiama. Mimi si ndugu wa damu, lakini nimekuwa katibu wa vikao vya familia hii tangu Ghati alipokuwa mwanafunzi wangu, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Utaratibu wangu haujabadilika. Kwanza naandika rasimu kwenye karatasi. Nikifika nyumbani nanakili yote katika daftari lao lenye jalada gumu, bila neno lililokatwa, kisha karatasi ile naichoma.

Ajenda ilikuwa moja. Chuo kikuu alikokuwa anasomea Ghati, katika nchi ya kusini, kilikuwa kimemwondoa, na rufaa yake ilikuwa imekataliwa. Ilibidi iamuliwe kama aombe nafasi upya au abaki nyumbani.

Mzee Burito alimtaka binti yake aeleze tena, kwa kuwa yeye alikuwa bado hajaliona kosa. Hakuiba mtihani, hakuandikiwa na mtu. Alifukuziwa nini?

Ghati alieleza taratibu, mikono yake ikiwa mapajani. Shahada yake ya pili ilikuwa ya elimu ya anga, na utafiti wake ulihusu nyota moja tu, ambayo hufifia na kung'aa tena kila baada ya siku tano na saa kadhaa. Kazi yake ilikuwa kupima mwangaza wake kwa darubini na kuandika saa, hali ya anga na kipimo. Kule mlimani penye darubini kulikuwa na baridi, vidole vilikufa ganzi, mwandiko ukawa mbaya. Basi aliandika kwenye karatasi, na asubuhi akanakili vizuri katika daftari, na karatasi akazitupa. Siku zilizoharibiwa na mawingu hakuzinakili. Vipimo vilivyokaa mbali na mstari wa grafu aliviacha pia.

Watahini walilinganisha daftari hilo na kumbukumbu za darubini yenyewe. Darubini ilikuwa imefanya kazi siku hamsini na mbili. Daftari lilikuwa na siku arobaini na moja, wino wa aina moja, na hapakuwa na kosa hata moja lililosahihishwa. Walisema daftari la namna hiyo halikuandikwa penye darubini, lilitungwa mezani.

Dafroza alisema yeye akichambua mchanga kwenye dagaa zake, wateja humshukuru. "Hao wasomi wenu wanataka na mchanga?"

"Wanataka wauone, shangazi," Ghati alijibu. "Mchanga ndio unaoonyesha kwamba dagaa zimetoka ziwani."

Dafroza alicheka peke yake.

Mugeta alichukua nafasi hiyo kueleza pendekezo lake. Shuleni kwake mwalimu wa fizikia alikuwa ameondoka, na Ghati angeweza kuanza Januari. Alisema nyota zilikuwepo kabla yetu na hazitakimbia. Kisha akanigeukia. "Lakini Mwalimu, wewe si uliwaandikia barua wakati wa rufaa? Uliwaambia nini?"

Nilijibu kwamba nilieleza malezi ya Ghati ya shuleni. Papo hapo nikaandika kwenye karatasi yangu: Mwalimu Prosper alithibitisha kwamba alitoa maelezo kamili.

Ghati alikuwa ameketi jirani yangu. Aliisoma sentensi hiyo nilipokuwa ninaweka nukta. Alifungua mkoba, akatoa nakala ya barua yangu, na kumpa mama yake aisome kwa sauti.

Adventina alisoma polepole. "Ninashuhudia kwamba Ghati ni mwaminifu, ana nidhamu, na ni nadhifu kuliko wanafunzi wote niliowahi kuwafundisha." Aligeuza ukurasa, akakuta mhuri. "Imeishia hapo."

"Nilimpigia simu Mwalimu," Ghati alisema. "Nilimwomba aandike jambo moja tu, kwamba ile ilikuwa sheria yake. Walisema wakipata ushahidi kwamba nilifundishwa hivyo, nitarudia vipimo mwaka mmoja na kuendelea."

Mzee Burito aliuliza ni sheria gani.

"Baba, shuleni hatukuruhusiwa kukusanya daftari lenye neno lililokatwa. Ulikuwa unapima kwenye karatasi, halafu unanakili. Pointi ikikaa nje ya mstari, Mwalimu alikuwaga anasema ni takataka, iondoe. Na karatasi zote Ijumaa zilienda kuwashia moto jikoni. Mimi ndiye nilikuwaga nazipeleka."

Yote hayo yalikuwa kweli. Niliyafuata miaka ishirini na sita, na kwa ajili yake maabara yetu ilipewa cheti ambacho hadi leo kimetundikwa ofisini. Barua ile ilipaswa kupita kwa mkuu wa shule yetu kabla ya kutumwa, na angeisoma. Nilikaa nayo siku tisa. Mara mbili niliiandika kama Ghati alivyoomba, na mara mbili nikaichoma. Ya tatu ndiyo iliyopata mhuri.

Niliikata ile sentensi kwenye karatasi ya kumbukumbu. Kalamu ilikwaruza, na kila mtu aliisikia. Juu yake niliandika: Mwalimu hakueleza.

Kisha niliomba ruhusa ya kusema. Niliahidi kuandika barua nyingine, yenye kila kitu, pamoja na jina langu na miaka yangu, ili Ghati aombe nafasi upya.

"Itasaidia?" Adventina aliuliza. Hakuniuliza mimi.

"Rufaa ni moja, mama. Hata wakiisoma, watauliza kwa nini mwaka jana aliandika vingine. Itaonekana nayo imetungwa mezani."

Nilitegemea Mzee Burito anifukuze, na ningeona ni haki. Badala yake alinikaribisha chai, kwa heshima ile ile ya siku zote, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulipokea.

Chai ilipoa bila kunywewa. Ghati alisimama, akaomba wote wamsikilize kwa sababu asingependa kulirudia jambo hili.

"Baba mdogo, Januari nitakuja Bunda kufundisha. Sitaomba chuo tena, na Mwalimu asiniandikie barua yoyote. Wanafunzi wangu watakuwa na daftari moja, la kalamu ya wino, na anayekosea atakata kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke." Alinyoosha mkono, akaichukua karatasi iliyokuwa mbele yangu. "Na kumbukumbu za kikao cha leo ni hizi hapa. Hazitanakiliwa."