Swali la Bi Takwimu

Kiinua mgongo chake chote Bi Takwimu aliikopesha serikali kwa hatifungani ya miaka ishirini. Riba ilikuwa ileile mwaka hadi mwaka, na ilitosha chakula pamoja na kodi ya vyumba viwili alivyokaa na mdogo wake. Siku ya kutia saini alijiona mjanja wa mwisho. Wiki ya pili usingizi ukamruka. Riba haipandi, na bei je? Miaka ishirini ni mingi, na yeye alikusudia kuiishi yote.

Mwingine angesali. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka thelathini katika ofisi ya takwimu, akizunguka sokoni na daftari kuandika bei, ndiko alikopata jina. Basi akachonga penseli, akaenda kulipima tatizo kitaalamu.

"Unadhani mwakani unga utapanda kwa kiasi gani?" alimuuliza mwenye duka.

Mwenye duka hakuwa akidhani chochote. Alikuwa akiwaza mpira. Lakini mtu wa serikali, tena mstaafu, hawezi kukatiza jua lote lile bure.

"Labda... asilimia kumi?"

Akaandika. Kisha, kwa mazoea tu ya kazi, akaguna. Mguno ule ndio ulioleta balaa.

Alipofika kwa muuza nyama, habari ilikwisha kumtangulia, na jibu likawa kumi na tano. Kinyozi, ambaye mashine yake ni ileile tangu enzi hizo, alisema thelathini asije akaachwa nyuma. Kufikia Ijumaa hakuna aliyeona haja ya kusubiri mwakani. Kila mtu alipandisha bei siku hiyohiyo, na kila mmoja akaapa kwamba ameanza mwenzake.

Jumamosi asubuhi mwenye nyumba akabisha hodi.

"Kodi inapanda, mama. Takwimu zako zinatisha."

"Sina takwimu mimi! Nina mliyoniambia wenyewe!"

"Ndiyo hayohayo."

Bi Takwimu akapiga hesabu mara tatu. Riba yake sasa ilitosha kodi bila chakula, au chakula bila paa. Aliogopa, akaona na aibu, maana hili alikuwa amelitengeneza kwa penseli yake mwenyewe.

Akarudi sokoni mbio. "Tulieni jamani! Hakuna kitakachopanda. Rudisheni bei zenu!"

Mwenye duka alimsikiliza kwa adabu zote, kisha akamgeukia muuza nyama. "Wamemtuma atutulize," alinong'ona. "Kumbe hali ni mbaya kiasi hicho."

Waliokuja kununua kilo moja wakaomba tano. Bi Takwimu akabaki katikati yao, akisukumwa huku na huku, akiyatazama macho ya watu na rafu za duka zikipungukiwa na bidhaa.

Saa sita mdogo wake alimkuta mlangoni anavuta gunia la unga.

"Dada, si ulikwenda kuwaambia unga hautapanda?"

"Nimewaambia."

"Na hii hela ya gunia umeitoa wapi?"

"Ya kodi."

"Dada!"

"Hukuona walivyonitazama wewe! Hakuna aliyeniamini hata mmoja." Akafuta jasho, akamsogezea kikapu. "Acha kunikodolea macho. Kimbia ukachukue sukari, kabla soko zima halijajua kwamba na mimi nimenunua."