Kupuliza Taa

Mwalimu wa nidhamu hakunikumbuka. Zamani alikuwa kiranja wa bweni letu, nami mgeni wa kidato cha kwanza niliyeamriwa kupanda kitandani na kupuliza taa ya umeme mpaka izime. Yeye alisimama penye swichi, akicheka.

Sasa shule yake imenialika kuwafundisha viranja kuzuia uonevu. Nikasema tuigize. "Mwalimu, wewe uwe mgeni, mimi niwe kiranja."

Akapanda kwenye kiti huku anatabasamu. Nikasimama penye swichi.

"Puliza."

Akapuliza. Viranja wakacheka.

"Kwani hujala? Puliza kwa nguvu."

Alipoanza kutweta alinitazama vizuri, tabasamu likafutika. Amenijua.

"Tena," nikasema. Mkuki ni mtamu kwa nguruwe. Nilitaka huyu aujue uchungu wake.

Msichana wa mstari wa nyuma akainuka, akaja hadi niliposimama, akazima taa.

"Imezimika, mwalimu," akaniambia kwa adabu. "Naomba umwache ashuke. Ndivyo ulivyotufundisha asubuhi."

Nikampigia makofi mbele ya wenzake. Moyoni nilitamani angechelewa, walau pumzi mbili tatu.